Mradi wa breki za Toyota IST: kushoto mbele pameniamsha

Jumamosi ya 1

Haya wadau, mradi umeanza bila kupangwa. Wiki iliyopita tumetoka Iringa na familia, gari limejaa, viazi gunia mbili nyuma, na toka asubuhi nilikua nasikia kama filimbi mbele kushoto nikigusa breki kidogo, nikikanyaga sana inanyamaza, mi nikajua vumbi tu. Mteremko wa Kitonga nikashuka nyuma ya lori nakanyaga muda wote badala ya kuweka gia ya chini, 2 au L, injini inisaidie kushika gari, basi karibu na chini pedeli ikaanza kuwa laini inazama na harufu ya kuungua ikaingia mpaka ndani. Niliogopa sana, watoto wamelala nyuma. Ruaha Mbuyuni nikapaki, rimu ya kushoto ni moto huwezi kuisogelea, ya kulia ina joto la kawaida tu. Hiyo tofauti ndo ilinipa akili.

Leo nimefungua. Nati nimelegeza tairi likiwa chini, jeki, halafu stendi (usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata dakika moja). Pedi ya nje imebaki kama milimita 5, ya ndani haifiki 1 na imelika upande. Mwezi uliopita fundi aliniambia pedi bado zipo, kumbe alichungulia kwenye matundu ya rimu, na pale unaona ya nje tu!

Sababu ni pini za kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye disiki. Kalipa ya gari hizi ina pistoni upande mmoja, inasukuma pedi ya ndani, afu kalipa yenyewe inateleza kwenye pini mbili inavuta ya nje. Pini yangu moja imeshika kutu haitoki, kwaiyo kazi yote kaifanya pedi ya ndani na hata ukiachia breki inaendelea kusugua. Na ile filimbi ni kibati kidogo kimefungwa kwenye pedi, pedi ikikaribia kuisha kinagusa disiki kinalia. Kimewekwa makusudi kikuite. Ukisubiri mpaka sauti iwe ya kukwaruza ujue ni chuma kwa chuma na disiki inaondoka.

Jumamosi ya 2

Pedi nimechukua maduka ya spea Gerezani, Dar, seti nzima ya mbele, kushoto na kulia zinabadilishwa pamoja la sivyo gari litavuta upande mmoja. Pini nimepiga msasa laini, nimepaka grisi ya siliconi ya breki, ile grisi ya kawaida inavimbisha mpira na pini inakwama upya. Kalipa nimeining'iniza kwa waya isivute paipu ya mpira.

Mafuta ya breki yalikua rangi ya chai kavu. Haya mafuta yananyonya unyevu wa hewani, aina hii ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka nyuzi 205, ikishanyonya maji inashuka hadi kama 140, na yakichemka unapata mvuke ndani ya paipu, mvuke unabonyea, ndo pedeli yangu ya Kitonga ile. Miaka 2 badilisha hata kama unaona kopo limejaa. Na level ikishuka usikimbilie kuongeza, kagua pedi kwanza, zikilika level nayo inashuka.

Kutoa upepo kwenye paipu za breki nimefanya na kijana wangu mkubwa, tumeanza nyuma kushoto ambako ni mbali zaidi na kopo la mafuta, mi niko chini na spana na kichupa, yeye juu, "kanyaga, shikilia, usiachie bado", saa nzima hivo mpaka yametoka masafi bila povu. Pedeli sasa iko juu na ngumu.

Jumapili

Saa kumi na mbili asubuhi, barabara tupu, nimepunguza kwa breki toka 60 hadi 20 mara kumi bila kusimama kabisa ili pedi mpya zizoeane na disiki, afu nikaendesha taratibu zipoe. Filimbi hakuna, gari limenyooka, nimegusa rimu zote mbili joto ni sawa.

Bado nyuma. Dramu ya kulia (ile ngoma inayofunika breki shuu, nyuma hakuna disiki) imegoma kutoka, ina matundu mawili ya kuingizia bolti za milimita 8 zinazoisukuma, bolti ninazo, nimepulizia dawa ya kutu nimeiacha. Hendibreki nayo inapanda juu sana kabla ya kushika, nahisi breki shuu zimeisha. Jumamosi ijayo nafungua.