Kanuni ya miezi minne

Mwaka 2009 nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ukutubi kule Bagamoyo, na ulipofika wakati wa kwenda fildi nikapangiwa Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Ni lile jengo la barabara ya Bibi Titi Mohamed ambalo Mwalimu Nyerere alilifungua tarehe 9 Desemba 1967. Wenzangu walikwenda mikoani. Nilijiona nimebahatika, nikaenda na namba za Dewey, zile za kupangia vitabu kwa mada, zote kichwani, nikidhani kazi itakuwa kupanga vitabu.

Waliokuja pale hawakufanana na wasomaji wa kwenye madokezo yangu. Asubuhi walitangulia vijana wa kidato cha sita na watahiniwa wa kujitegemea, na madaftari yao wenyewe. Wengi wao vitabu vyetu hawakuvigusa. Walitaka meza, mwanga, na mahali ambapo hakuna mtu wa kuwatuma dukani. Wapo wakutubi wanaolalamikia jambo hilo, kwamba maktaba imegeuzwa chumba cha kujisomea. Mimi sikuona ubaya wake na mpaka leo sioni. Mtoto anayelala chumba kimoja na wadogo zake Manzese, ulitaka akasomee wapi? Kwenye magazeti walikaa wazee, wakiwemo wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977 na kuwaachia madai ya mafao yasiyokwisha. Hao walisoma gazeti mpaka matangazo ya minada, wasije wakapitwa na mstari mmoja unaowahusu.

Mama ninayetaka kumsimulia alikuja siku ya katikati ya wiki, jua likiwa limeshapanda. Mkononi alikuwa na mfuko wa rambo uliofungwa fundo. Mizigo huachwa mapokezi, lakini wake aligoma kuuachia, wakamruhusu. Akaja moja kwa moja kwenye dawati la marejeo, nilikokuwa nimewekwa siku hiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa hapa kuna vitabu vyote vya serikali."

Aliyemwambia hakukosea sana, maana sheria inawataka wachapishaji nchini wawasilishe nakala za machapisho yao kwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Nikamuuliza anatafuta kitabu gani. Akasema cha mirathi. Nikaona hilo dogo: mirathi iko 346.05. Nikamletea vitabu viwili nikamwekea mezani. Akaviangalia majalada, akaviacha vilivyo, akakaa na mfuko wake mapajani.

Msimamizi wangu alikuwa mkutubi mtu mzima, mpole, ambaye sisi wa fildi tulimwita Mwalimu. Alikuwa anatutazama kwa mbali. Akasogea, akavuta kiti, akakaa upande wa mama badala ya kukaa upande wetu wa dawati.

"Mama, tukishakupatia hicho kitabu, utakwenda kufanya nini nacho?"

Hapo ndipo habari ilipotoka. Mumewe alifariki mwaka 2005, akaacha nyumba ya vyumba vya kupangisha Mbagala. Kikao cha ukoo kikampendekeza shemeji yake awe msimamizi wa mirathi, Mahakama ya Mwanzo ikamthibitisha, na tangu siku hiyo kodi anakusanya yeye. Mama akiuliza, anajibiwa kwamba msimamizi hahojiwi, mahakama imeshampa. Sasa hakuja kuomba tumsaidie kumshitaki mtu. Alitaka kujua kama maneno hayo ya shemeji yameandikwa mahali.

"Mimi si hakimu wala wakili," Mwalimu akamwambia. "Nikikushauri nitakudanganya. Ila kama limeandikwa, tutaliona wote kwa macho."

Tukaanza na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, Jedwali la Tano, linalozipa Mahakama za Mwanzo uwezo wa kuteua wasimamizi wa mirathi. Humo Mwalimu akaona hakutoshi, kwa sababu taratibu zenyewe hukaa kwenye kanuni. Akanituma kwenye juzuu za Matangazo ya Serikali, ambamo kanuni huchapishwa, za miaka ya sabini. Nilirudi na vumbi mpaka kwenye kola. Tangazo Namba 49 la mwaka 1971: kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo. Mwalimu akaweka kidole kwenye kanuni ya 10.

Ilikuwa kwa Kiingereza. Jambo hili lilinikera siku ile kuliko vumbi. Mahakama ya Mwanzo huendesha mambo yake kwa Kiswahili, hakimu na wazee wa baraza na wadaawa wote walikuwa wanasema Kiswahili, halafu kanuni iliyowaongoza ilikaa kwenye lugha ambayo mjane wa Mbagala hawezi kuisoma. Ilibidi tungoje hadi mwaka 2021 ndipo Sheria Namba 1 ya mwaka huo ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini.

"Msomee," Mwalimu akaniambia.

Nikaanza kutafsiri kwa sauti ya chini, kidole changu kikifuata mstari. Ndani ya miezi minne tangu apewe usimamizi... Mama akapiga meza kiganja.

"Miezi minne!"

Kijana mmoja wa kidato cha sita, meza ya jirani, akatugeukia kutuomba ukimya. Mama wala hakumsikia. Alikuwa anahesabu kwa vidole, toka 2005 kuja pale tulipokuwa. Mimi nikatulia nimwache ahesabu. Halafu ghafla akaacha, akainama juu ya juzuu.

"Mbona kidole chako hakijafika kwenye nukta? Hapo mbele panasemaje?"

Hajui Kiingereza, lakini nukta anaijua. Nikaendelea: ... au muda zaidi ambao mahakama itaruhusu, msimamizi atawasilisha mahakamani taarifa ya kweli na kamili ya mali na madeni yote ya marehemu, kwa Fomu ya Tano. Na baada ya hapo, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, hesabu za mirathi kwa Fomu ya Sita.

"Kwa hiyo anaweza kuongezewa muda."

"Mahakama ikiruhusu," Mwalimu akasema.

"Na kama aliomba akaruhusiwa, itakuwa imeandikwa kwenye jalada?"

Mwalimu akacheka kidogo, akaniangalia. Alimjibu kwamba hilo ni swali la kumuuliza karani wa mahakama, pamoja na kama ile Fomu ya Tano imo au haimo. Akamwandikia kwenye karatasi majina ya mahali anapoweza kupata mwanasheria bila kulipa: Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Yule kijana wa kidato cha sita alikuwa ameshaacha daftari lake, amesimama nyuma yetu. Akauliza kama anaweza kusaidia kuandika, maana mwandiko wangu aliuona. Nikatafsiri upya, pole pole, yeye akaandika kwa herufi za kuachana, mama akifuatilia kila neno na kumrudisha alipotia "mali" akasahau "madeni". Juu kabisa Mwalimu akamwambia aandike: tafsiri isiyo rasmi. Tukatoa kopi ya ukurasa wenyewe, mama akailipia. Akafungua lile fundo la mfuko wa rambo. Ndani mlikuwa na cheti cha ndoa, cheti cha kifo, na risiti za kodi ya nyumba. Kopi na tafsiri vikaingia humo, fundo likafungwa tena.

Jioni, kama kawaida, tulijaza takwimu za siku: idadi ya wasomaji, idadi ya vitabu vilivyotumika. Mama yule alihesabiwa msomaji mmoja. Mwalimu alikuwa na daftari lake la pembeni ambalo fomu haikulidai, la maswali ya dawatini, akalijaza mwenyewe na kuandika namba ya tangazo na kanuni. Kisha akachana kipande cha karatasi, akanituma nikakiweke kwenye juzuu ya 1971.

Nilidhani ni mazoea ya uzee tu. Siku chache baadaye akaja mama mwingine, mdogo kidogo kwa umri, mtandio wa kijani. Hakutaja kitabu wala namba. Alisema anataka ile kanuni ya miezi minne. Anatoka Mbagala, mtaa uleule, na kwake msimamizi ni kaka wa marehemu baba yao.

Nilipokuwa namfungulia nikamuuliza habari za jirani yake, na yule shemeji.

"Ameitwa mahakamani."

"Akaenda?"

"Ameitwa, nimekwambia. Haya nisomee, na usiruke."

Nikaweka kidole mwanzo wa mstari.