Tafakari ya wiki: Mlango umefunguka, mbona moyo unasita?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno letu wiki hii ni Hesabu 13:25-33, ukipata nafasi soma na sura ya 14 yote maana nitaigusa.

Jumapili baada ya ibada binti mmoja wa kwaya ya vijana alinisubiri nje pale kwenye mti. Amemaliza fomu siksi PCB (fizikia, kemia na biolojia), na wengi wenu mnajua tangu yuko fomu tuu ukimuuliza unataka kuwa nani jibu ni moja, daktari, na chuo ni kimoja tu, Muhimbili, hata kwenye mkesha ombi lake halikuwahi kubadilika. Sasa majina yametoka, kachaguliwa vyuo viwili, Muhimbili udaktari na Mkwawa ualimu wa sayansi, hapahapa Iringa. Mimi nikaanza kupiga vigelegele kumbe mwenzangu analia. Akaniambia, madamu, mbona sasa sitaki?

Jamani mtoto akikwambia neno kama hilo usikimbilie kumtupia mstari wa Biblia, muulize kwanza. Nikamuuliza. Akaanza kutoa moja moja: majina ya mkopo mara nyingi yanatoka wakati mtu ameshakonfemu chuo, yani anatakiwa aseme ndio kabla hajajua atakula nini. Mama yake anauza maandazi. Kusoma ni miaka 5 alafu intani, yani mazoezi ya kazi hospitalini, mwaka mzima. Dar hajawahi kulala hata siku moja. Akanyamaza kidogo, alafu akasema taratibu huku anaangalia chini, wenzangu kule wametoka shule kubwa, mimi nitadisko, nifeli nifukuzwe chuo mwaka wa kwanza, nirudi na aibu.

Sasa turudi kwa wale wapelelezi wa Hesabu 13, waliotumwa na Musa kuiangalia nchi ya ahadi. Walikuwa 12, walizunguka ile nchi siku 40, wakarudi na kichala kimoja cha zabibu kutoka bonde la Eshkoli kilichobebwa na watu wawili kwenye mti. Hiyo ndio nchi waliyoisubiri tangu Misri, na waliporudi tu walikiri wenyewe kwamba kweli inatiririka maziwa na asali. Na watu warefu walikuwepo kweli, maboma yalikuwepo kweli, hata Kalebu, mmoja wao aliyesema twende tu, hakubisha hilo hata kidogo. Shida yenyewe iko mstari wa 33, "tukajiona nafsi zetu kuwa kama mapanzi". Hapo ndipo nimekwama wiki nzima. Nani aliwaita mapanzi? Soma sura yote, hakuna jitu hata moja lililofungua mdomo, wamejipima wenyewe wakajipa na jina, alafu wakaongezea eti na wao ndivyo wanavyotuona. Walimuuliza nani?

Nikaanza kuyapanga maneno ya yule binti. Mkopo, hosteli, nauli, mama na maandazi yake, hizo ni hesabu, na Yesu mwenyewe kwenye Luka 14:28 anasema mtu akitaka kujenga mnara akae kwanza ahesabu gharama. Hilo sio kukosa imani, na inaniuma sana tunavyowaambia watoto wetu wewe amini tu, alafu bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likichelewa mtoto analala njaa kule na sisi tuliomwambia aamini hakuna hata mmoja anayempigia simu. Lakini lile la kudisko halina namba. Halijatoka kwenye matokeo yake maana matokeo ndio yamemchagua, hao wenzake wa shule kubwa hajawahi kuwaona, kajipima nao yuko Iringa kwenye mti wa kanisani. Lile ni panzi.

Nalijua hilo panzi mimi. Niliposhuka stendi ya Ubungo, Dar, enzi zile na tranka langu kwenda kuanza chuo, wiki za mwanzo nilikuwa nakaa kiti cha nyuma kabisa siulizi swali kwa sababu ya kingereza changu, na kuna dada mmoja nilikuwa namwogopa kuliko wote, anaongea mpaka unajiuliza umefuata nini hapo. Karibu na mitihani nikakuta kwa mtu wa fotokopi daftari langu liko juu ya mashine, anayetoa kopi ni yeye.

Sura ya 14 inasema kesho yake wale watu, waliokuwa wamekataa kuingia na kutaka kurudi Misri, walibadili mawazo wakasema haya tupande, wakapigwa, wakati ulishapita. Hiyo sitaitumia kumtisha mtoto. Na naomba tusiifanye Mkwawa kuwa Misri, mimi ni mwalimu miaka yote hii na sijutii hata siku moja, kama Mungu anamwita kufundisha aende anaimba. Ninachokataa ni aende kule kujificha.

Nilimsomea Yoshua 14. Kalebu ana miaka 85, kasubiri miaka 45 kwa makosa ya watu wengine, na siku ya kugawiwa ardhi hakuomba bondeni kwenye maji, aliomba Hebroni, mlimani, kulekule kwa Waanaki, wale watu warefu. Binti akaniuliza, ina maana hawakuwa wameondoka? Nikamwambia bado walikuwepo.

Tukachukua bahasha ya sadaka tukaandika kwa nyuma ada, hosteli, nauli, na chakula mpaka bumu litoke. Kuna pengo, sio dogo, mama yake nimeshaongea naye. Namba ya kukonfemu bado iko kwenye simu ya mama na dirisha linafungwa Ijumaa. Alhamisi saa 12 jioni tunakutana kuomba naye, mje. Na kama una ndugu Upanga au Kariakoo au popote pale Dar anayeweza kumpokea wiki mbili za kwanza endapo ataamua kwenda, nipigie leo, usisubiri Alhamisi.