Sarafu ya Jai

Mtu akiniuliza aangalie picha gani nyumbani na watu wake, namtajia Sholay kabla hajamaliza swali. Najua ni ya 1975. Najua wengine wanaona picha za Kihindi zimepitwa na wakati. Lakini mimi niliiona kwa mara ya kwanza Idd el-Fitr ya 1999, Magomeni Mapipa, Dar es Salaam, na tangu siku hiyo sijapata picha ya kuishinda kwa kazi hiyo.

Nilikuwa darasa la tano. Mjomba alikodi mikanda miwili ya video, maana picha yenyewe inapita saa tatu na haikuenea kwenye mmoja. Sebule ikajaa. Sisi watoto tulikaa chini kwenye mkeka, wakubwa wakajibana kwenye makochi, majirani wakasimama dirishani. Bibi alikuwa amekuja kutoka Kilwa kula Idd na sisi, na alikuwa ameshatuambia picha zetu ni makelele matupu. Alikaa kwa heshima ya mwanawe tu. Mjomba ujana wake aliumalizia kwenye majumba ya sinema ya Avalon na Empire huko mjini, kwa hiyo Kihindi cha kwenye picha alikijua kwa moyo, na ndiye aliyetutafsiria.

Ila kuna mahali Bibi hakuhitaji mkalimani. Radha, mkwe wa Thakur, yule mzee wa kijiji ambaye jambazi Gabbar Singh alimuulia jamaa zake, ni mjane, nguo nyeupe tupu. Jioni anapita barazani kuzima taa, moja baada ya moja. Upande wa pili Jai, mmoja wa vijana wawili waliokodiwa na Thakur kumkamata Gabbar, amekaa peke yake, anapuliza kinanda cha mdomo. Hawasemezani. Wanatazamana tu, taa zinakwisha, giza linaingia. Bibi, mjane tangu mama yangu akiwa mdogo, aliacha kutafuna tambuu. "Huyu mtoto kampenda," alisema polepole. Picha ya nyumbani inatakiwa iwe na mahali kama hapo, ambapo bibi wa Kilwa na mtoto wa darasa la tano wanaelewa kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Sisi watoto tulikuwa na sheria yetu moja kuhusu shujaa wa picha: steringi hafi. Na hapa masteringi walikuwa wawili, Amitabh Bachchan na Dharmendra, Jai na Veeru. Gabbar Singh angetokea wapi?

Basi mkanda wa pili umefika darajani. Wamejibanza nyuma ya mwamba, risasi zinakwisha, mmoja lazima aende kuleta nyingine. Jai anatoa sarafu yake, ileile waliyoirusha tangu mwanzo kila walipobishana. Anairusha juu. Umeme ukakatika.

Kelele zilizopigwa siku ile nadhani zilifika Kigogo. Tulingoja mpaka chemli ikaanza kufifia, ndipo Mjomba akatuhurumia akatusimulia mwisho. Daraja linalipuka. Gabbar anakamatwa. Jai anakufa. Tulimkatalia katakata, binamu yangu akalia kabisa. Steringi hafi! Kuhusu sarafu, Mjomba hakusema neno.

Alfajiri nilihisi mkono begani. Bibi alikuwa ameshaswali. "Mume wangu, umeme umerudi. Amka uniwashie."

Tukakaa wawili, sauti tumeishusha. Tulishajua Jai anakufa, na bado moyo ulinidunda kana kwamba safari hii huenda akapona. Hakupona. Alimfia Veeru mikononi. Kisha Veeru akaokota ile sarafu, akaigeuza, akaigeuza tena. Pande zote mbili sawa. Ikianguka vyovyote ni Jai anayebaki.

"Kumbe alikuwa anamdanganya mwenzie ili afe yeye," Bibi akasema. "Rudisha."

Nikarudisha. Tukaangalia. "Rudisha tena." Mara ya tatu alikuwa analia waziwazi, ncha ya khanga machoni, na mimi nalia naye. Ile sehemu ya Gabbar kukamatwa hakuijali sana. Mjomba ndiye aliyeinung'unikia maisha yake yote, kwamba Thakur alipaswa kummaliza mwenyewe. Baadaye nilisoma kwamba watengenezaji nao walikusudia hivyohivyo, wakaguzi wa filamu wa India ndio waliowalazimisha kuingiza polisi.

Mikanda ilitakiwa kurudishwa saa mbili asubuhi. Ilikuwa inakaribia saa nne, na Mjomba alikuwa na wasiwasi na faini. Bibi akafungua pindo la khanga, akanihesabia sarafu mbili za shilingi mia. "Faini yangu hiyo. Kamwambie tumechelewa kwa sababu ya msiba."

Njiani nilitoa moja mfukoni nikaikagua. Upande huu Mwalimu, upande ule swala.