Sindano za Bibi

Jirani yangu wa juu hapa kwenye majumba ya ghorofa ya Michenzani, mjini Zanzibar, ni bibi mshona kofia. Za mkono, za viua, vile vitundu vidogo vya nakshi, si zile za mashine. Kushona bado anaweza, mkono umeshazoea njia yake, lakini tundu la sindano limemshinda. Basi kuna mtoto wa ghorofa ya pili, kila asubuhi kabla ya skuli hupanda kwa bibi, akazitunga uzi sindano zake zote, akazichomeka kwenye kitakia cha vipande vya kanga: nyuzi nyeupe huku, za rangi ya maziwa kule. Uzi ukiisha kwenye sindano moja, bibi huchomoa nyingine. Mpaka adhuhuri hana haja ya kumwita mtu.

Jambo hili linanigusa kuliko mchele ninaompelekea mimi kila Ramadhani. Mchele anaupokea, ananiombea dua, yamekwisha. Zile sindano zinamwacha abaki fundi, mwenye kazi yake na wateja wake wanaomngojea Sikukuu.

Majumba haya yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Walioingia humu vijana sasa ni wazee, na ngazi ni zile zile. Mwenye magoti mabovu, kushuka kununua boflo ni safari. Ndiyo maana utaona vikapu vinateremshwa kwa kamba madirishani. Muuza boflo wetu akishatia mikate huitikisa kamba kidogo, bibi ajue. Kisha hupaza sauti: "Shikamoo bibi!" Na hapo ndipo ninapompenda kijana yule, kwa sababu haondoki. Anasimama na baiskeli yake, shingo juu, mpaka marahaba imfikie, na habari za nyumbani, na mama hajambo, na yule mtoto kikohozi kimepoa? Siku nyingine hiyo ndiyo sauti ya kwanza ya mtu mzima anayoisikia bibi tangu alfajiri.

Tangu 2016 Serikali ya Zanzibar inawapa pensheni jamii wazee waliofika miaka 70. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na sipendi kabisa mtu anaposema mbele ya wazee kwamba pesa ile haifai kitu. Njoo umuone bibi akishaipata. Kanga mpya, harufu ya udi mpaka kwenye ngazi, na kabla ya jambo lolote anaagiza ubuyu wa mtoto wake wa sindano. Anamkabidhi mkononi, kwa furaha kubwa. Mtoto naye hakatai, wala mama yake hamwambii akatae. Wamefanya vizuri. Mzee naye anataka kutoa.

Kwa hiyo siku hizi nikipanda kwake nakwenda na swali. Juzi nilimuuliza mkate wa kumimina anaupikaje. Aliweka kofia pembeni, akajiweka sawa kwenye mkeka, akaanza tangu kuchagua nazi. Tui liwe zito. Hiliki itwangwe saa ile ile, isilale. Mchele uroweke usiku kucha. "Na ukishausaga, mwanangu, usitie hamira mpaka uniletee niuone."

Mchele nimeuroweka leo baada ya Isha.