Harlem, domo la bata na swali la mzee mmoja

Basi la kutoka Washington lilichelewa mpaka watu tukakata tamaa, AC inapuliza baridi utadhani wamebeba samaki, choo hakiingiliki, na begi nikalipishwa juu. Chumba nacho usiseme, hela ile Dar unalala hoteli ya maana, huku bafu mnachangia na watu msiojuana.

Ila nilichokifuata Harlem, mtaa wa New York, nilikipata. Nilianzia 17 East 126th Street, hapo kwenye ngazi ndo Art Kane alipiga ile picha ya wanamuziki wa jazz 57, Agosti 12, 1958, saa nne asubuhi, watu waliozoea kulala alfajiri! Nikasimama ng'ambo ya barabara na ile picha kwenye simu, nawatafuta wapulizaji wa saksafoni, domo la bata, mmoja mmoja, Coleman Hawkins huyu hapa, Sonny Rollins ana miaka 27 tu, Lester Young na kofia yake. Machi 1959 Lester akafariki, miezi saba tu baadaye.

Kutoka hapo nikatembea mpaka makumbusho ya jazz pale 129th Street. Hawa ndo waliochukua santuri za Bill Savory, fundi wa sauti aliyekuwa ananasa matangazo ya redio mwishoni mwa miaka ya 1930 mpaka mwanzoni mwa 1940. Santuri za dukani enzi hizo wimbo ulikuwa unakatwa kwenye dakika tatu hivi, za Savory zilikuwa kubwa, kwa hiyo Hawkins kwenye wimbo wa Body and Soul wa 1940 anapuliza karibu dakika sita, kila ukidhani kamaliza anapanda tena. Savory alikaa nazo mpaka akafa 2004, na 2010 mwanae ndo akaziachia kwa makumbusho.

Sasa pembeni yangu kulikuwa na mzee mmoja wa mtaani pale, ananitajia nani alipuliza wapi na lini kama anasoma majina ya wajukuu. Nikamwambia na sisi Tanzania bendi zetu zilijiita Jazz, Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz. Akasema hebu nisikie. Nikamwekea Nuta Jazz kwenye simu, yale madomo ya bata yakaingia, mzee akafumba macho, kichwa kinaenda. Ulipoisha akauliza, huyu mpulizaji wa kwanza ni nani? Mwaka gani?

Nikafungua maelezo chini ya wimbo. Jina la bendi, jina la wimbo, basi. Akaniuliza tena, taratibu, akidhani sijamsikia.

Iliniuma jamani. King Michael Enoch, mpulizaji wa saksafoni, tunamtaja, sawa, lakini wale waliokuwa wanasimama pembeni yake wakipuliza usiku kucha? Kanda walizorekodi RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, waimbaji tunawajua mpaka leo, wapulizaji tunasema tu "bendi". Wenzetu kwenye picha ya watu 57 wanajua kila aliyesimama, na hata watoto waliokaa ukingoni mwa barabara na Count Basie, mpiga piano, watu waliwafuatilia.

Usiku nikamtumia voice note baba mdogo Morogoro, ana albamu ya picha za madansi ya zamani. Akajibu palepale, anataja majina, mengine nusu, moja akasema tulikuwa tunamwita Fundi, jina lake halisi amuulize shangazi. Nimemwomba aandike kila jina kwa kalamu nyuma ya picha, na Desemba nikishuka naanzia kwake kabla sijafika Dar.