Bei ya Ukuta wa Malé

Kila ninaposikia kwamba kinga dhidi ya maafa ya pwani ni anasa ambayo nchi ndogo za visiwa haziimudu, mimi huukumbuka mji wa Malé, makao makuu ya Maldivi. Baada ya mawimbi makubwa kuufurikisha mwaka 1987, Japani iligharamia kuta na vizuizi vya zege kuuzunguka, kazi iliyochukua zaidi ya miaka kumi na kugharimu takriban dola milioni 60. Tsunami ilipofika tarehe 26 Desemba 2004, maji yaliingia mjini, lakini kuta zilipunguza nguvu yake. Kwingineko hali ilikuwa mbaya mno: hasara ya nchi nzima ilikadiriwa kuwa dola milioni 470, yaani asilimia 62 ya pato la taifa, na kisiwa cha Kandholhudhoo kiliharibiwa hata wakazi wake wakahamishiwa Dhuvaafaru.

Kwa nini basi fedha za kinga hupatikana kwa taabu namna hii? Naona tatizo limo katika hesabu zenyewe. Gharama ya ukuta huonekana kwenye bajeti ya mwaka huu, ilhali faida yake ni hasara ambayo haikutokea, na hakuna waziri anayeweza kuizindua. Tena wachumi hupunguza thamani ya faida za baadaye: kwa kiwango cha asilimia 10 kwa mwaka, dola 100 zitakazookolewa miaka 30 ijayo huhesabiwa leo kuwa chini ya dola 6, lakini kwa asilimia 3 huwa dola 41. Mradi uleule hukataliwa au hukubaliwa kwa kubadilisha tarakimu hiyo moja, na mimi siamini kwamba nchi ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake haifiki mita moja juu ya bahari inapaswa kupimwa kwa kiwango kinachotumika kupima kiwanda.

Hata hivyo, ukuta wa Malé hauwezi kurudiwa kila mahali. Visiwa vyenye watu Maldivi ni zaidi ya 180, vingi vikiwa na wakazi wasiozidi elfu moja, na mita ya ukuta haiwi nafuu kwa sababu wanaokingwa ni wachache. Kwao kinga iliyo ndani ya uwezo ni mwamba wa matumbawe, ambao kwa wastani huondoa asilimia 97 ya nguvu ya mawimbi. Kwa miaka mingi matumbawe yalichimbwa huko kwa ajili ya ujenzi, kama tulivyojenga sisi Lamu na Unguja. Jiwe lilipouzwa, bei yake ilijumuisha jasho la mchimbaji na nauli ya mashua. Gharama ya zege ambayo siku moja ingelazimika kuziba nafasi yake baharini haikuwamo.