Nilivyogawa Wanga na Mafuta Kati ya Siku za Mazoezi na za Mapumziko

Kwa miezi mitatu nilijinyima wanga siku zote saba za juma. Kitambi kilipungua kidogo, lakini kila nilipojitwika chuma kwa zoezi la kuchuchumaa, miguu ilinilegea kabla sijamaliza seti ya tatu. Ndipo nilipoamua kuacha kukisia, nikachukua daftari na kikokotoo, nikapanga upya kiasi cha wanga na mafuta, siku za kunyanyua vyuma zikiwa na hesabu yake na siku za mapumziko zikiwa na yake.

Nilianza na mwili wenyewe. Nina kilo 82, urefu wa sentimita 174 na umri wa miaka 36. Nilipoziingiza namba hizo katika fomula ya Mifflin-St Jeor nilipata takriban kalori 1,730, yaani zile ambazo mwili hutumia kwa siku ukiwa umetulia, na nilipozidisha kwa 1.5 kwa ajili ya shughuli zangu za kila siku pamoja na mazoezi, nikakaribia 2,600. Kwa kuwa nilitaka kupungua polepole, nilijiwekea wastani wa 2,300 kwa siku, yaani 16,100 kwa juma, nikaitazama hesabu hiyo ya juma kama fungu moja, kwa maana mwili haufungi mahesabu yake kila usiku. Siku nne za mazoezi nilizipa kalori 2,480 kila moja, na siku tatu za mapumziko 2,060.

Protini niliipanga kwanza, nikaiacha kwenye gramu 150 siku zote, kwa sababu misuli huendelea kujijenga hata mtu anapopumzika. Mafuta sikutaka yashuke chini ya gramu 60, kwani mwili huyahitaji katika kutengeneza homoni na kufyonza vitamini A, D, E na K. Wanga ulichukua kilichobaki. Gramu ya protini au ya wanga hutoa kalori 4, na ya mafuta 9. Hivyo siku ya mazoezi protini ilichukua kalori 600 na mafuta 540, zikabaki 1,340, ambazo ni gramu 335 za wanga. Siku ya mapumziko nilipandisha mafuta hadi gramu 80 na wanga ukashuka hadi 185. Mafuta hayana muujiza wowote siku hiyo. Ni kwamba sahani iliyopunguzwa wali na kunyimwa mafuta pia hailiki kwa muda mrefu.

Hesabu hiyo ilinichukua jioni moja tu, ilhali sufuria ya nyumbani ilinichukua karibu mwezi. Kosa la kwanza lilikuwa la aibu: nilipima wali ulioiva nikauhesabia kwa namba za mchele mkavu. Gramu 100 za mchele mkavu zina takriban gramu 78 za wanga, lakini gramu 100 za wali zina kama 28, kwa kuwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo siku nilizodhani nimekula wanga wa kutosha nilikuwa sijafika hata nusu. Tangu hapo hupima mchele na unga wa ugali vikiwa vikavu, kisha hupima chakula chote kilichoiva na kutafuta fungu langu.

Kosa la pili lilikuwa tui. Pakiti tunayotumia imeandikwa gramu 17 za mafuta kwa kila mililita 100, nasi tulikuwa tukitia mililita 400 katika wali wa watu wanne. Gramu 17 zilikuwa zikiniingia bila kuandikwa popote, kabla hata ya mafuta ya kukaangia samaki. Nilimwomba mke wangu wali wa nazi uhamie siku za mapumziko, na siku za mazoezi tupike wali mweupe au ugali, na mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, maana kijiko kimoja cha chakula kina karibu gramu 14.

Mizani nayo ilinitisha mwanzoni. Asubuhi baada ya siku ya wanga mwingi nilikuta nimeongezeka hadi kilo moja, nikakaribia kuuacha mpango. Baadaye nilielewa kwamba misuli huhifadhi wanga kama glikojeni pamoja na maji ya takriban gramu 3 kwa kila gramu yake, basi nikaanza kulinganisha wastani wa juma na wa juma lililotangulia.

Mke wangu alikubali yote kwa sharti moja: pilau ya Ijumaa isiguswe. Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mazoezi, na pilau yake ina mafuta ya siku nzima. Niliyahamishia mazoezi Alhamisi.